Usinunue hiyo trela kabla hujaipima mashua

Usinunue. Mwambie mwenye trela umesafiri, mwambie unaumwa, mwambie lolote, ila pesa yako isitoke wiki hii.

Nimeisoma mara mbili hesabu uliyoiweka hapa jukwaani, ya kama trela uliyoiona itabeba mashua yako. Mashua ya tanga ya mita saba na nusu, karatasi ya kiwanda inasema kilo 1,950. Trela kibao chake kinaruhusu jumla ya kilo 2,700, yenyewe ina 620, kwa hiyo inabaki 2,080 "na akiba ya kilo 130 juu". Baada ya hapo ukahamia kwenye kushusha mlingoti peke yako na rangi ya chini ya maji, kana kwamba hilo la kwanza limekwisha. Mkuu, hiyo akiba haipo. Imeliwa siku nyingi, na wewe hujapakia hata sufuria.

Hesabu hiyohiyo niliipiga mimi, tena nikajiona mjanja kwa kuacha akiba kubwa kuliko yako. Karatasi yangu ilisema 2,050, trela ikanibakizia 2,300. Na kazi yangu ni uhasibu. Chekeni, nasubiri. Aliyeniuzia trela akaipiga tairi teke, akasema "hii inabeba mbili za hizo", nami nikaridhika, maana mtu anayepiga tairi teke huonekana anajua anachokisema.

Tairi la nyuma kushoto ndilo lililoanza. Lilipasuka njiani, vipande vikang'oa madigadi, na mwenzake wa mbele akabaki na mzigo wa wawili. Sijasimama vizuri, naye akaenda. Ekseli ikapinda, mkuku, yaani uti wa chini wa mashua, ukaruka kwenye mbao zake, mashua ikalala ubavu kwenye nguzo za trela na kupata tundu la kupitisha mkono. Bima wakamtuma mtu wao. Nilidhani atakagua matairi. Hakuyatazama hata kidogo: akaamuru vyote vipandishwe kwenye lori, lori likapita kwenye mizani, likashusha, likapita tena tupu. Mashua na trela pamoja, 3,340. Toa trela 640. Mashua kilo 2,700.

Yaani kilo 650 zaidi ya karatasi. Bima hawakulipa kitu, na barua yao ilikuwa na adabu kuliko barua zote nilizowahi kupokea. Trela ya kwanza niliiuza chuma chakavu, nikanunua ya pili, na fundi wa faiba akanijua kwa jina. Yule wa teke nilipompigia akaniambia nilikuwa nimepakia vibaya. Sawa bwana. Matairi ya trela ile yalikuwa na namba ya mzigo 100, maana yake kilo 800 kila moja. Yako manne. Gawanya 3,340 kwa nne uone hata upakiaji wa malaika ungesaidia nini, na mzigo wenyewe haugawanyiki sawa kamwe.

Sasa zilitoka wapi kilo 650? Nilikaa nikaziandika moja moja, kwa hasira, na hapa ndipo nataka usome polepole.

Injini ya nyuma karibu kilo 45: karatasi ilikuwa ya mashua bila injini, imeandikwa kwa herufi ndogo chini kabisa. Tangi la maji nililiacha limejaa, lita 100, basi kilo 100 hizo. Petroli kidogo, kama kilo 18. Mnyororo wa nanga wa milimita 8 una takriban kilo 1.4 kwa mita, mimi nilikuwa na mita 40, ongeza nanga mbili, umefika 80. Betri mbili za risasi, 50. Matanga ya ziada 35. Halafu vile vitu ambavyo hakuna anayevihesabu: kiboti cha mpira, jiko na mtungi wa gesi, magodoro, kamba, jaketi za kuokolea, sanduku la spana, makopo ya chakula yaliyosahaulika chini ya kitanda. Hivyo peke yake vilifika 130. Jumlisha: kama 460 hivi.

Zikabaki kilo 190 zisizo na mwenyewe.

Hizo ndizo zilizoninyima usingizi, maana ningeweza kuivua mashua kila kitu ikabaki ganda, na bado zingekuwepo. Sehemu ilikuwa sitaha. Sitaha nyingi za faiba zina kiini cha mbao nyepesi ya balsa katikati ya ngozi mbili. Kila skrubu iliyofungwa bila kuzibwa vizuri ni mlango wa maji, na balsa ikishalowa haikauki yenyewe. Nilipotoboa karibu na mguu wa mlingoti, fundi akakamua ule unga kwa vidole, maji yakatoka. Sehemu nyingine ilikuwa makabati ya plaiwudi aliyoyajenga mwenye mashua wa kabla yangu, mazuri kweli, mazito kama kosa. Ngamani, kule chini kabisa ndani ya mashua, nako kulikuwa na maji mahali pasipofikika na pampu. Rangi ya chini ya maji ilikuwa tabaka juu ya tabaka, hakuna aliyewahi kuikwangua. Na sehemu, naamini, ilizaliwa nayo: faiba inayolazwa kwa mkono ndani ya kalibu hutegemea mtu aliyeshika brashi. Akimwaga resini, ile gundi inayogandisha faiba, kwa ukarimu, mashua inatoka nzito kuliko dada yake wa kalibu hiyohiyo, na zote mbili zinapewa karatasi moja.

Hiyo karatasi yenyewe, wala usidhani ni uongo mtupu. Ni kweli ya kitu kingine. Mara nyingi ni hesabu ya msanifu, au uzito wa mashua ya mwanzo kabisa, tupu, kabla wateja hawajaanza kudai choo kikubwa na mkuku mrefu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 8666 kinatenganisha uzito wa mashua katika hali nyepesi na uzito ikiwa imepakiwa, na wewe ukiona namba moja peke yake kwenye tangazo, ujue ni ile nyepesi. Nani atatangaza ile nzito? Uzito mdogo unauza. Hata kile kibao cha mjenzi kwenye mashua za soko la Umoja wa Ulaya, mzigo wa juu kabisa unaopendekezwa hauhesabu kilichomo kwenye matangi ya kudumu. Lita zako za maji ziko nje ya hiyo hesabu.

Na wewe uliyemjibu hapo juu kwamba cheti cha usajili cha mashua yako kinasema tani 3 "kwa hiyo ndio uzito wake", tafadhali futa kabla mtu hajaumia. Tani za usajili ni kipimo cha ujazo. Tani moja ya usajili wa zamani ni futi za ujazo 100, kama mita za ujazo 2.83. Haisemi lolote kuhusu kilo.

Mtoa mada, umesema mashua bado iko majini. Nenda kauangalie mstari wa rangi, ule unaoonyesha maji yanapopaswa kufika, kabla ya kesho. Yangu ilikuwa na mstari mzuri, umenyooka, na maji yaliufikia pale pale. Nikasema safi, imekaa kwenye uzito wake. Baadaye wakati wa kukwangua ndipo tukaukuta mstari wa zamani chini ya rangi, umezama zaidi ya sentimita sita. Yule mwenye mashua wa kabla yangu alikuwa ameupandisha mstari badala ya kuipunguzia mashua mzigo! Eneo la mashua kwenye usawa wa maji, kwa mita za mraba, lizidishe kwa 10.25, unapata kilo zinazoizamisha sentimita moja kwenye maji ya bahari. Kwa saizi zetu eneo ni kama mita za mraba 10, basi kila kilo mia ni sentimita. Kwangua kidogo pembeni, utafute mstari wa kiwandani.

Lakini hilo ni la kukutisha tu, lisikupe namba ya kununulia trela. Namba ya kununulia ni ya mizani. Siku ya kuitoa majini omba kreni yenye kipimo cha uzito, uliza kilirekebishwa lini, na utoe uzito wa mikanda. Au kodi lori, lipite mizani likiwa nayo na likiwa tupu kama walivyonifanyia mimi. Ipime jinsi utakavyoivuta: mlingoti umelazwa juu yake, matanga ndani, nanga, matangi yamejaa. Usianze kusema "nitayamwaga kabla ya safari". Utasahau, nilisahau. Wala usijidanganye kwamba vitu vizito utavihamishia garini, gari nalo lina kibao chake.

Ukiipata trela nayo ipime, ukiwa umeifungua kwenye gari na kigurudumu cha mbele kikiwa juu ya sahani ya mizani, maana hata hiyo 620 ni ya karatasi. Yangu ilikuwa na kibao cha kiwanda kikisema 590, mizani ikasema 640.

Ukishapima leta namba mbili hapa, mashua na trela, na picha ya namba zilizo ubavuni mwa matairi. Mpaka hapo huyo muuzaji akikupigia, usipokee.