Dola 520 zatosha kupanda daraja?

Safu ya wasomaji: poka ya mtandaoni

SWALI: Wahariri, hamjambo? Nacheza mashindano ya poka mtandaoni ya kiingilio cha dola 3.30. Nimeshacheza 310, na nimo mbele kwa dola 214, ingawa 190 kati ya hizo zilitoka siku moja nilipomaliza wa kwanza. Mtaji wangu ni dola 520, kama shilingi 67,000. Nataka kuhamia ya dola 11, maana huku chini watu hawatupi karata, yaani hawajitoi mchezoni, hata ukiwatisha kwa dau vipi. Niende? – Msomaji, Muyeye, Malindi

JIBU: Hatujambo, ndugu yetu. Usiende bado. Tuanze na hesabu yako mwenyewe, kwa sababu jibu limo humo.

Mashindano 310 kwa dola 3.30 ni dola 1,023 ulizotoa. Faida ya 214 ni karibu asilimia 21, na ukiitazama hivyo unapendeza. Sasa iondoe ile siku moja. Zinabaki dola 24, yaani kama asilimia 2 tu. Hatusemi ulibahatisha. Mashindano ya watu wengi ndivyo yalivyo: fedha nyingi huenda kwa watatu wa kwanza, na mchezaji hodari anaweza kupita mamia ya mashindano akirudisha viingilio tu. Lakini mashindano 310 ni machache mno kukuambia kama unashinda kwa ujuzi au kwa bahati ya karata. Fikisha angalau 1,000 ndipo uanze kuiamini hiyo asilimia.

Pili, gawa mtaji kwa kiingilio. Kwa 3.30 una viingilio 157. Kwa 11 una 47. Kipimo tunachokishauri ni viingilio 100 kwa mashindano ya watu wasiozidi 200, viingilio 200 wakiwa mamia kadhaa, na 300 wakifika maelfu. Chris Ferguson, Mmarekani aliyeanza mwaka 2006 bila senti akafikisha dola 10,000, alijiwekea sharti la kutotia zaidi ya asilimia 2 ya mtaji katika shindano moja la meza nyingi. Sharti hilo ni jepesi kuliko letu, na bado asilimia 2 ya dola zako 520 ni dola 10.40. Hata kwake, kiingilio cha 11 hakipiti.

Tena angalia mashindano yanayoruhusu kuingia tena ukitolewa, kwa kulipa kiingilio kingine. Wengi huandika dola 11 daftarini ilhali wametoa 22. Ikiwa kila mashindano kumi unanunua viingilio 14, basi kiingilio chako halisi ni dola 15.40, na viingilio vyako 47 vimeshuka hadi 33. Hapa ndipo mitaji mingi huyeyuka bila mwenyewe kujua, na ndiyo maana tunasisitiza daftari: tarehe, kiingilio, mara ulizoingia, idadi ya watu, nafasi uliyomaliza, ulichopata.

Hatua yako ni dola 5.50, siyo 11. Tenga dola 55, yaani viingilio kumi. Katika kila mashindano kumi utakayocheza, mawili yawe ya 5.50, yale ya watu wasiozidi 200, na kasi ya kawaida. Yale ya kasi kubwa yaache kwanza: blaindi, yaani madau ya lazima, hupanda upesi, ujuzi haupati nafasi, na ada ya mtandao bado unailipa. Zile 55 zikiisha, rudi 3.30 bila kujilaumu, zirudishe, kisha jaribu tena. Mtaji ukifika 550 unaweza kuhamia 5.50 moja kwa moja. Ukianguka chini ya 400, shuka siku hiyohiyo. Namba hizi ziandike kabla ya kucheza, kwani usiku wa kupoteza hakuna anayezipanga vizuri. Dola 11 subiri mtaji wa 1,100.

Kuhusu watu wasiotupa karata: hao ndio wanaokulipa. Ukiona vitisho havifanyi kazi, punguza vitisho, na ukiwa na karata nzuri ongeza dau kubwa zaidi. Ukipanda ili ukutane na watu wanaotupa karata, utakutana na watu wanaojua pia kukutupisha wewe. Kwenye dola 11 wanaiba blaindi, yaani wanaongeza dau ili wengine watupe karata, kila wakipata mwanya, wanaongeza dau juu ya dau lako, na wanakubana hasa karibu na nafasi za malipo, pale kila mtu anapoogopa kutoka.

Hapo pa malipo ndipo pa kusoma zaidi kabla hujapanda. Chukua mfano huu. Wamebaki watatu, malipo ni dola 50, 30 na 20. Wa kwanza ana chipu (vihesabio vya shindano, siyo fedha) 5,000, wewe 3,000, wa tatu 2,000. Kwa hesabu ya kawaida ya kugeuza chipu kuwa fedha, thamani zenu ni dola 38.39, 32.75 na 28.86. Tazama: mwenye nusu ya chipu hana nusu ya fedha, na mwenye moja ya tano ana zaidi ya robo. Sasa yule mwenye chipu nyingi anaweka zote, nawe una jozi ya nane. Blaindi tuziache pembeni. Ukikubali ukashindwa, unatoka na dola 20. Ukishinda, chipu zako 6,000 zina thamani ya dola 41. Unahatarisha 12.75 ili upate 8.25, kwa hiyo unahitaji kushinda kama mara 61 katika 100. Hata angekufunulia ree na mfalme, jozi ya nane hushinda takriban mara 55 tu. Tupa. Ukiweza kufanya hesabu ya aina hii kwa kukisia, bila karatasi, hapo umeanza kuwa tayari.

Neno moja kabla hatujaendelea. Mtaji ni fedha ambayo ikipotea yote nyumba haitikisiki. Kodi ya nyumba na karo hazimo. Na ambaye dini yake imemkataza kamari, hesabu zetu hazibadilishi hukumu hiyo.

SWALI: Stima ikipotea katikati ya shindano, nini hutokea? – Mama wa Maweni, Malindi

JIBU: Kompyuta ya mtandao hukusubiri sekunde chache, kisha hukutupia karata kila mkono huku blaindi zikikatwa. Kwenye meza ya watu tisa, mzunguko mmoja hula karibu blaindi kubwa (lile dau la lazima lililo kubwa kati ya mawili) mbili na nusu, na huchukua kama dakika nane. Ukiwa na chipu za blaindi kubwa 20, nusu saa ya giza itakula kama nusu yake, mbali na blaindi zenyewe kupanda. Weka simu yenye chaji kamili, na bando ya kampuni tofauti na ile ya nyumbani, programu iwe imeshafunguliwa na nywila imeshajaribiwa. Angalia na saa pia, mama: shindano kubwa la Ulaya linaloanza saa tatu usiku kwetu laweza kukufikisha alfajiri, na maamuzi ya fedha kubwa yote yako mwishoni, wakati macho yamechoka. Ukipanda daraja, punguza idadi ya meza na uchague yanayoanza mapema.

SWALI: Binamu yangu anataka kunilipia nusu ya kiingilio cha dola 55 tugawane ushindi. Ni sawa? – Msomaji, Mkomani, Lamu

JIBU: Ni sawa, na ni njia nzuri ya kujaribu daraja la juu bila kubeba uzito wote. Lakini andikianeni ujumbe kabla shindano halijaanza: hisa yake ni asilimia 50 ya malipo yote, siyo ya faida, ukiingia mara ya pili, analipa tena nusu au hisa yake inashuka hadi robo, na fedha utamtumia siku ngapi baada ya kuitoa, kwa bei ya dola ya siku ile ya kutoa.