Tajiri wa majumba aliyetoka kambini

SWALI: Mhariri, mjomba wangu aliyesoma Frankfurt husimulia habari za Myahudi aliyenusurika kambi ya Wanazi akawa tajiri wa majumba. Ni nani? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ni Ignatz Bubis, ndugu yangu. Alizaliwa Breslau, mji uliokuwa wa Ujerumani (leo Wrocław, Poland), mwaka 1927. Babake aliuawa Treblinka, kambi ya maangamizi ya Wanazi, yeye akakombolewa kwenye kambi ya kazi za kulazimishwa ya Częstochowa, Poland, Januari 1945. Alianza na biashara ya madini ya thamani, kisha akahamia Frankfurt na kuingia kwenye viwanja na majengo. Mtaani Westend, nyumba kongwe zilipotakiwa kupisha maofisi, vijana walizivamia na kumlaani. Uchungu wa nyumba zile naukubali. Kumsema kwa Uyahudi wake, hapana! Alifariki 1999, akazikwa Tel Aviv, kwa kuwa alihofia kaburi lake Ujerumani lingelipuliwa kama la Heinz Galinski, aliyekuwa kiongozi wa Wayahudi wa Ujerumani, lilivyolipuliwa Berlin mwaka 1998.