Sauti imekuwa nzito, hedhi imekata: bado nitazaa?

SWALI: Dokta shikamoo. Nina miaka 27, nimeolewa, mtoto bado. Hedhi ilikuwa inakuja vizuri tu ila tangu mwaka jana imekata kabisa, ndevu zimeota kidevuni, chunusi, na sauti imekuwa nzito mpaka kwenye simu wananiita kaka. Duka la dawa walinipa vidonge vya kubalansi homoni, wapi. Juzi ultrasaundi imeonyesha uvimbe ovari ya kulia na mawifi wanasema ukitolewa tu sizai tena. Nisaidie. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Maneno ya mawifi yaweke pembeni, maana unaweza ukaacha kutibiwa kwa kuogopa kitu ambacho sivyo kilivyo.

Wengi wakisikia ndevu na hedhi kukata wanakimbilia kusema PCOS (homoni kuvurugika na ovari kuwa na vifuko vingi vidogo), lakini PCOS huwa inaanza polepole tangu usichana na sauti kwa kawaida haibadiliki, wewe umebadilika ghafla ndani ya mwaka mmoja na uvimbe umeonekana, hapo lazima tufikirie uvimbe wa ovari unaotengeneza homoni wenyewe. Upo unaoitwa wa Sertoli-Leydig, unamwaga testosteroni (homoni ya kiume), ni nadra sana, haufiki hata 1 kati ya uvimbe 200 wa ovari, na unawapata zaidi wadada wa umri wako. Testosteroni ikizidi hivyo yai halikomai, hedhi inakata, na mimba inakuwa vigumu kushika. Kwa hiyo kizazi chako na ovari ya kushoto inawezekana kabisa ni vizima, vimezimwa tu na hiyo homoni.

Acha hivyo vidonge. Nenda kwa bingwa wa magonjwa ya kina mama, pima mimba kwanza, halafu testosteroni (ikivuka nanogramu 200 kwa desilita tunashtuka) pamoja na DHEAS (homoni inayotengenezwa na tezi za juu ya figo) ili tujue kama tatizo haliko kwenye tezi hizo. Na kama kwenu kuna mwenye goita mwambie daktari, kuna vinasaba vya kurithi vinavyounganisha goita na uvimbe huu.

Tiba ni opereshini. Mara nyingi sana uvimbe huu uko upande mmoja, kwa hiyo inatolewa ovari hiyo na mrija wake, kizazi na ovari nyingine vinabaki, na uvimbe utoke mzima bila kupasukia ndani ya tumbo. Testosteroni inashuka haraka, hedhi kwa wengi inarudi ndani ya wiki au miezi michache, na wapo wengi waliobeba mimba baada ya hapo kwa ovari moja. Ndevu zitapungua taratibu, ila sauti sikufichi, inaweza isirudi yote.

Kuna ndugu yake, wa granulosa, huo unatoa estrojeni (homoni ya kike), kwa hiyo dalili yake ni damu kutoka hovyo, au katoto kuota maziwa mapema, na unaweza kurudi hata baada ya miaka 10, hivyo kliniki haiishi.

Kabla hujasaini fomu ya opereshini mwambie daktari waziwazi kwamba unataka kuzaa. Uvimbe lazima upelekwe maabara, wakikuta ni saratani ya daraja la juu utahitaji dawa za saratani za kupitia mshipani (kemotherapi) ambazo zinaweza kuumiza mayai, basi hilo la mayai uliza kabla ya dozi ya kwanza, na mumeo awepo mnapoongea.