Macho malegevu

Mwanangu,

Sote hapa hatujambo, na goti la babako limepungua kuuma.

Umeniuliza kama wale wachoraji wa enzi za Malkia Victoria waliwapenda kweli wanawake waliowachora, au waliwafanya pambo tu. Ya mioyoni mwao mie siyajui. Lililonikaa ni lile hodhi.

Millais, mmoja wa wachoraji hao, alichora kwanza kijito na majani yake, kando ya mto Hogsmill huko Uingereza, mwaka 1851, akaacha mahali patupu pa kumweka mwanamke. Kipupwe kilichofuata, huko London, akamlaza Elizabeth Siddal, binti wa miaka 22 aliyekuwa muuza kofia, ndani ya hodhi la maji na nguo zake mwilini, awe Ophelia, yule binti wa tamthilia ya Shakespeare, anayezama. Chini ya hodhi kuliwashwa taa za kupasha maji. Siku moja zikazimika. Mchoraji hakuona, na binti hakusema. Akaugua, babake akadai pauni 50.

Hakusema! Hapo ndipo ninapokwama. Siku zote nawaambia, picha muulize aliyekaa, usimuulize aliyechora.

Ile picha yangu iliyo juu ya kabati, mwaijua. Siku ile nilikuwa na malaria, klorokwini imeniwasha mwili mzima, natetemeka ndani ya leso. Mpiga picha ananiambia inamisha kichwa, usicheke, tazama mbali. Nami nikatii, kwa sababu nyanya yako alikwishalipa. Kisha akaitundika dirishani mwa studio bila kuniuliza, na mji mzima ukasifu macho malegevu. Malegevu kwa homa! Babako hadi leo husema macho yale ndiyo yaliyomleta kwetu kuposa. Miaka yote hii sijamwambia, nawe usimwambie.

Lakini nisijifanye. Picha ile naipenda, kioo chake nakipangusa kwa ncha ya leso kila Ijumaa. Basi nimlaumu nani?

Na Siddal mwenyewe alikuwa mchoraji. Ruskin, mhakiki wa sanaa, alikubali kumlipa pauni 150 kwa mwaka apate kuchora. Tafuta picha aliyojichora mwenyewe. Hana maua wala maji, uso umechoka, anakutazama hivihivi. Mumewe Rossetti, mchoraji na mshairi, aliendelea kumchora hata baada ya kufa kwake mwaka 1862, ukasema naam, haya ndiyo mapenzi. Kisha mwaka 1869 akakubali kaburi lifukuliwe, yatolewe mashairi aliyomzika nayo. Pengine majonzi yalikuwa ya kweli na mashairi nayo aliyataka. Mtu aweza kuwa na yote mawili. Aweza? Haya, mie sihukumu.

Ila yule babake Siddal mwishowe aliridhika na Millais kulipa gharama za daktari. Mie zile 50 ningezidai zote.

Mamako