Wakili wa viwanja kwenye kesi ya kazi?

Kaka, pole kwa kuachishwa kazi. Umeuliza kama wakili aliyekuandikia mkataba wa kiwanja anafaa. Kisheria anaruhusiwa, lakini tafuta aliyezoea kesi za kazi, maana hapa siku ndizo zinazoua kesi. Kwa Tanzania Bara, lalamiko la kuachishwa isivyo halali hufunguliwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Ukichelewa, unaanza kwa kuomba kuongezewa muda, na sababu ziwe nzito. “Nilikuwa nazungumza na bosi” mara nyingi haitoshi. Mwulize wakili: mara ya mwisho ulisimama CMA lini? Nenda na barua ya kuachishwa, mkataba na karatasi za mshahara.