Picha ya marehemu ukutani

*Shangazi, mume wangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Nina miaka 41 na watoto wawili. Nimepata mchumba anayetaka kunioa, lakini binti yangu wa miaka 14 hanisemeshi tangu nilipomwambia. Mchumba naye anataka niishushe picha ya marehemu sebuleni kabla hajahamia kwangu. Nifanyeje? – Mama wa Wawili*

Mwanangu, pole sana. Kuolewa tena ni haki yako. Miaka mitatu umelala peke yako na kulea peke yako, na hakuna unayepaswa kumwomba radhi kwa kutaka mwenza. Kilichonishtua ni hiyo picha.

Binti yako alikuwa na miaka 11 tu alipompoteza baba yake. Ukiishusha picha kwa agizo la mwanamume anayeingia, atajua kwamba alichokuwa akikiogopa kimetokea: baba amefutwa. Sidhani kama anamkataa huyo bwana. Nadhani anamlinda baba yake. Kaa naye ninyi wawili tu, umwambie kwa kinywa chako kwamba hatalazimishwa kumwita mtu mwingine baba. Usimharakishe akujibu. Anaweza kununa miezi kadhaa, na itabidi umvumilie.

Mchumba muulize bila kuzunguka: ni picha tu, au hata jina lisitajwe? Wivu kidogo ni ubinadamu, na asikilizwe. Picha inaweza kuhamia chumbani kwa watoto, ikiwa wao wenyewe wataridhia. Lakini mtu asiyevumilia kumwona marehemu ukutani, ataishije na watoto waliochukua sura yake? Hapo usikubali jibu la juujuu.

Kuna jambo hukuuliza, nami siwezi kulinyamazia: mali. Kabla ya ndoa, mwone mwanasheria, alichoacha baba yao kiandikwe wazi ni cha nani. Kama una wosia, uliza kama unahitaji kuandikwa upya, maana katika baadhi ya nchi ndoa mpya hubatilisha wosia wa zamani. Kagua pia fomu zako za bima na pensheni. Huenda bado zina jina la marehemu kama mrithi wako. Na usiyafanye haya kwa siri. Mchumba ajue, na uangalie atakavyolipokea.

Tarehe ya harusi usiipange kwanza. Zungumza na binti yako wiki hii, kisha uniandikie.