Maswali Yenu kwa Fundi: Ukingo wa kaunta umegoma kung'aa

SWALI: Fundi salaam. Tuliweka kaunta ya granaiti nyeusi jikoni, juu inang'aa mpaka unajiona sura, lakini kwenye ukingo pale fundi alipokata pako kijivu na ukipitisha kidole panakwaruza. Nilivyolalamika akaja akapaka vanishi, ikapendeza wiki chache, saa hizi inabanduka kama ngozi ya nyoka. Naweza kurekebisha bila kuing'oa? – Mama wa watatu, Morogoro

JIBU: Salama dada, pole na hiyo vanishi. Kung'oa hakuna haja, ila vanishi itoke yote kwanza kwa thina na wembe, maana ikibaki inaziba pedi za kusugulia. Jiwe haling'ai kwa kupakwa kitu, linang'aa kwa kusuguliwa basi. Diski ya kukatia imeacha mikwaruzo mikubwa, mwanga ukifika pale unatawanyika ndio maana unaona kijivu, kwahiyo kazi nzima ni kuibadilisha hiyo mikwaruzo mikubwa iwe midogo, na midogo iwe midogo zaidi mpaka jicho lisiione tena.

Ulizia pedi za almasi za kusugulia na maji, zina namba, ndogo ndio inayokwaruza zaidi na kubwa ndio laini: 50, 100, 200, 400, 800, 1500, 3000. Usiruke namba! Hapo ndipo mafundi wengi wanapoharibu, anatoka 100 anadandia 800 ili awahi kazi nyingine, matokeo yake ukingo unang'aa kwa mbali ukisogea unaona mistari. Muda mwingi utaisha kwenye 50 na 100 kufuta alama za diski, zikiisha kweli huko mbele ni mteremko. Na kila ukimaliza namba moja futa maji, kausha kabisa, halafu mulika tochi ya simu kwa ubavu, kwasababu jiwe likiwa limeloa linadanganya, linaonekana limeshaiva kumbe bado. Ukiona mstari rudi namba ya nyuma, hakuna njia ya mkato. Ile kona kali ya juu ipunguze ukali kidogo kwa pedi ya mwanzo, la sivyo sufuria ikigonga inameguka.

Kuhusu kutumia grenda, ile mashine ya umeme ya kuzungusha diski, mi nakushauri uache. Grenda ndogo ya kawaida inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika na pedi hizi nyingi zinataka chini ya nusu ya hapo, ukilazimisha pedi inaungua na kuacha doa kwenye jiwe, halafu umeme na maji mkononi, hapana. Kuna grenda za maji zenye kupunguza spidi, hiyo muachie fundi anayeimiliki. Wewe chukua pedi za mkono, ndoo ya maji, sponji, uifunike kabati kwa nailoni, ukingo wa mita moja na nusu utakutoa jasho lakini utakubali.

Kitu kimoja zaidi: baadhi ya mawe meusi yanapakwa rangi kiwandani. Chukua kitambaa cheupe chenye asetoni, sugua sehemu iliyojificha nyuma ya sinki, kikitoka cheusi basi jiwe lako lilitiwa rangi na ukingo hautafanana na juu hata usugue mpaka Krismasi. Hapo bila rangi maalum ya mawe hutoboi.

SWALI: Bro mi najifunza kazi ya granaiti Mwanza, tunasugua kavu na tunafunga kitambaa puani, ina noma?

JIBU: Ina noma sana mdogo wangu. Granaiti ina madini ya kwatzi, ukiisugua kavu linatoka vumbi laini kuliko unga, linashuka mpaka chini kabisa ya mapafu na kuleta silikosisi, ugonjwa ambao hauna tiba. Kitambaa hakilizuii hilo. Australia walipiga marufuku kabisa kaunta za mawe ya kutengenezwa, yale yenye kwatzi nyingi kuliko granaiti, kuanzia Julai 2024 kwa sababu ya ugonjwa huu huu kwa mafundi wa umri wenu. Sugua na maji, vaa barakoa ya N95 au ile ya filta inayobana uso vizuri, jioni usifagie sakafu kavu, imwagie maji kwanza, na nguo za kazi zibaki kazini usije ukawabebea wa nyumbani. Bosi akikwambia maji yanachelewesha kazi, tafuta bosi mwingine.